Gari Linakoroma, Haliwaki

Jumatatu, 2 Juni

Dereva wa teksi amehama mji. Alinipigia asubuhi nikiwa kazini, mikono yote miwili ndani ya mashuka. Ameomba radhi mara tatu. Nikamwambia hakuna neno, nenda salama. Nikaendelea kukunja.

Kwa miezi minne ndiye aliyetupeleka, mimi na Mzee, mume wangu, kwenye mazoezi ya viungo. Jumanne na Ijumaa, hospitali ile ile ninayofulia. Mtaalamu wa mazoezi alishanionya: akikosa wiki chache tu, mkono wa kulia utagandia pale ulipo. Teksi nyingine zikiona kiti cha magurudumu zinakumbuka ghafla kuwa zina abiria mahali.

Gari letu lipo. Liko uani chini ya turubai tangu siku alipoanguka. Leseni nayo ninayo. Niliipata kabla sijaolewa, iko kwenye bahasha pamoja na kadi za kliniki za watoto, na kila ikiisha muda naihuisha, sijui kwa nini. Miaka ishirini na minane ya ndoa sijashika usukani. Niliomba mara moja. Akacheka, akasema gari si cherehani.

Jioni nimetoa turubai, nimeingia, nimezungusha ufunguo. Kimya. Hata taa moja haikuwaka. Nikakaa mle ndani kwenye kiti chake mpaka nikakumbuka kuwa hajala.

Jumatano, 4 Juni

Bwana Taratibu amekuja na betri. Huyu aliendesha gari la wagonjwa pale kwetu mpaka akastaafu. Jina alipewa na manesi — walisema wagonjwa wengine walipona njiani kwa kuchoka kungoja. Anasema katika miaka yote hiyo hakumwangusha mtu kitandani hata mmoja. Amekubali kunifundisha.

Alipofunga waya wa pili tu, king'ora kikalia. Mtaa mzima ukatoka. Nikabonyeza rimoti, kumbe nayo imekufa. Majirani wananitazama, mimi na ufunguo mkononi, kama mwizi aliyekosea nyumba akaingia kwake. Nilisimama tu. Ningeweza kusimama pale mpaka kesho. Taratibu ndiye aliyekimbilia dukani kutafuta kile kijibetri cha duara cha rimoti. Alikimbia kwa mwendo wake.

King'ora kikanyamaza. Nikazungusha ufunguo. Gari linakoroma, haliwaki. Linakoroma, haliwaki. Taratibu akakagua petroli, ipo. Plagi, nzima. Akaingiza kichwa chini ya dashibodi, akatoka na utando wa buibui kwenye nyusi.

Akasema huyu bwana ameweka swichi ya siri. Kitufe kidogo, kimefichwa mahali. Kama hakijabonyezwa, petroli haifiki kwenye injini. Mwizi avunje kioo, aunganishe nyaya, ajue na uchawi — haendi popote. Kiko wapi? Anajua aliyekiweka.

Aliyekiweka ana neno moja. Tangu kiharusi, mdomoni mwake limebaki "bado". Umekula? Bado. Unaumwa? Bado. Nikuzimie taa? Bado. Mwanzoni watoto walicheka, naye akacheka, kwa upande mmoja wa uso.

Jumamosi, 7 Juni

Nimemuuliza. Nimekaa mbele yake, mkono wangu kwenye goti lake. Swichi iko wapi? Hakusema hata lile neno lake. Alinitazama vizuri — macho yake hayakuugua — kisha akageuza uso ukutani.

Nikaenda kuosha vyombo.

Kifungua mimba wetu amepiga simu kutoka anakofanya kazi. Mbali, kwa basi ni kutwa nzima. Anasema pengine baba amesahau, ubongo ukiguswa hupoteza vitu. Pengine. Lakini kidonge cha saa nane hasahau. Mimi ndiye ninayesahau, yeye anagonga meza.

Nikisugua sufuria nikafikiri: swichi ile aliwaficha wezi. Na mimi. Basi mimi na wezi tuko daraja moja. Nikangoja niumie. Sufuria ikang'aa.

Jumanne, 10 Juni

Hatukwenda mazoezi. Mvua. Mashuka mia mbili na kumi.

Ijumaa, 13 Juni

Hatukwenda tena.

Nimerudi nimekuta turubai limeviringishwa kama mkeka. Mimi hukunja kwa nne. Kiti cha dereva kimesukumwa nyuma kabisa, betri mpya imechoka.

Wifi yangu, dada mkubwa wa Mzee, ndiye anayeshinda na Mzee nikiwa kazini. Hasikii vizuri, lakini anaona. Anasema shemeji, mdogo wao, alikuja na mtu mmoja mwenye viatu safi. Wakaingia garini. Gari likatetemeka, likatetemeka, wakatoka. Muda wote huo Mzee alikuwa dirishani, anapiga kioo kwa mkono wa kushoto.

Nikasema lakini ufunguo alipata wapi. Wifi akasema si ule wa akiba. Kweli. Anao tangu mwaka Mzee alipojifungia nje ya gari sokoni. Nilikuwa nimesahau kabisa.

Nikampigia shemeji. Hakukana. Anasema kaka alimwahidi: siku nikiacha kuendesha, gari ni lako. Na sasa si ameacha? Anasema gari likisimama linaoza, na pale uani litaibwa, heri litumike. Kuna mtu tayari wa kulichukua. Alisema yote hayo kwa upole. Shemeji si mtu mbaya. Asubuhi ile Mzee alipoanguka bafuni, ni yeye aliyembeba mgongoni mpaka barabarani, kiatu kimoja kikabaki njiani. Mimi nilikuwa zamu ya alfajiri. Mashine zilikuwa zinavuma, sikusikia simu.

Nilisema nimesikia.

Jumapili, 15 Juni

Taratibu ameichaji betri. Fundi mmoja alishamwambia dawa ni kung'oa dashibodi yote, tukate nyaya. Taratibu amekataa.

"Mwenye siri yuko hai," akasema. "Mrudisheni kwenye kiti chake."

Tumembeba, Taratibu kwapani, mimi miguuni, tukamkalisha nyuma ya usukani. Mkono wa kulia ukabaki pajani kama mfuko aliopewa amshikie mtu. Wa kushoto ukazurura kidogo. Ukagusa gia. Ukashuka kwenye breki ya mkono, ukaipita, ukaingia kwenye ule mwanya wa pembeni ya kiti ambamo hudondokea kalamu na sarafu. Tk. Yeye anatazama mbele tu, utadhani kuna barabara.

Nikajipenyeza kupitia dirishani, nikazungusha ufunguo. Likakoroma mara mbili, likawaka. Moshi ukajaa uani. Taratibu akafuta macho, akasema moshi huu. Moshi ulikuwa unaenda upande mwingine.

Nikadhani ni mkono tu umekumbuka, wenyewe, kama wangu unavyokunja mashuka nikiwa sipo. Lakini Mzee akabonyeza tena. Injini ikatetemeka, ikazima. Akaninyooshea ule mkono. Akakishika kidole changu cha shahada, akakipeleka chini, ndani ya mwanya, mpaka kikagota. Akakiacha pale.

Nilifikiri nitahisi kitu. Nilihisi plastiki, na vumbi, na ganda la pipi.

Alhamisi, 19 Juni

Kila alfajiri kabla ya zamu tunakwenda kiwanja cha mpira, mimi na Taratibu. Ananisomesha kama mtoto wa darasa la kwanza.

Kwanza zunguka gari. Tazama magurudumu, tazama chini kama kuna kinachovuja. Kisha kiti — goti lisinyooke kabisa. Kisha vioo. Kisha mkanda. Ndipo ufunguo. Usukani ukijifunga usigombane nao: utikise kidogo huku unazungusha ufunguo. Klachi mpaka chini. Iachie kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia.

Gari limezima mara tisa siku ya kwanza. Jana mara nne. Leo mara mbili, na moja ilikuwa ya mbuzi.

Nikitaka indiketa nawasha vaipa. Nimefuta kioo kikavu kila kona ya kiwanja. Mwisho Taratibu akaniuliza kama naona mvua asiyoiona yeye. Nilicheka. Nikasikia sauti, nikajua ni yangu.

Kufunga pia kuna somo lake. Vioo juu, hata kama unarudi sasa hivi. Usiache kitu kitini, hata mfuko mtupu, maana mwizi hajui kuwa ni mtupu. Bonyeza rimoti, halafu vuta mlango kwa mkono uhakikishe — mlio peke yake si kufuli. Egesha pua ikitazama ukuta, anayetaka kuiba ahangaike na rivasi. Nimenunua na chuma cha kufungia usukani. Na mwisho, kidole kwenye mwanya. Tk.

Mzee anatazama yote dirishani. Nikisahau kuvuta mlango, anagonga kioo.

Jumatatu, 23 Juni

Shemeji alikuja mwenyewe, jioni, mtu wa viatu safi akiwa nje ya geti. Amekaa. Amemsalimia kaka yake, amemfuta mate kwa leso yake, bila kinyaa. Kisha akatoa karatasi. Ni ya Mzee kweli, mwandiko wake, sahihi yake, ya mwaka juzi: nikiacha kuendesha, gari nampa mdogo wangu.

Nimeisoma mara mbili. Jina langu halimo. Sioni lingekuwemo kwa sababu gani.

Shemeji akamwinamia. Kaka, si uliandika wewe? Gari si umenipa?

"Bado," Mzee akasema.

Shemeji akasema mmesikia, hajalitoa tu, lakini ni langu. Wifi akasema hapana, amekataa. Wakabishana juu ya neno lile moja mpaka chai ikapoa. Mzee akawa anatazama mkono wake.

Alipokuwa anaaga, shemeji akanivuta kando, mlangoni.

"Shemeji, fundi wangu anasema kuna swichi. Iko wapi?"

"Swichi ipi?" nikasema.

Akasema haya, kesho saa tisa atakuja na fundi wa umeme, watalifungua lote waitafute. Asingependa tufikishane huko. Ni kweli hakupenda, nilimwona. Nami sikupenda kumdanganya mtu aliyembeba mume wangu. Lakini jibu lilitoka lenyewe, laini, kama shuka kutoka kwenye pasi.

Jumanne, 24 Juni

Naandika nyuma ya orodha ya mashuka. Niko ndani ya gari, maegesho ya hospitali, Mzee pembeni yangu.

Nimetuleta mimi. Peke yangu! Taratibu alitupakia tu, akabaki getini na mikono kichwani. Nilizima kwenye makutano, magari sita nyuma, honi zote. Nikasahau kila kitu, hata mguu upi ni upi. Mzee akanyoosha mkono wake, akaufunika wangu juu ya gia, akausukuma namba moja. Klachi. Tukatoka. Mkono hakuutoa mpaka hapa.

Mtaalamu amesema bega limeanza kukaza, tumechelewa lakini si sana. Njooni Ijumaa bila kukosa. Nikasema tutakuja.

Tumemaliza saa tisa na robo. Simu ya shemeji imeita mara nne. Sasa ameandika: wapo uani kwetu, yeye, fundi na mnunuzi, wamekuta turubai limekunjwa kwa nne na gari halipo. Shemeji, gari liko wapi? Kisha: Kaka yuko wapi? Kisha: Tafadhali.

Nimemsomea Mzee zote, na nimemwambia nitakayemsikiliza ni yeye, si karatasi. Alivuta mkanda. Kwa mkono mmoja ni kazi: unakuja, unateleza, unarudi. Sikumsaidia. Mara ya tano ukabana.

Kifungua mimba nimemwandikia: una nafasi ya watu wawili, na huko kuna hospitali yenye mazoezi ya viungo? Hajajibu. Yuko kazini.

Mlinzi wa maegesho amekuja mara mbili. Anauliza tunatoka au hatutoki, kuna gari linangoja nafasi. Nimewasha. Tangi limejaa zaidi ya nusu. Mikono iko kwenye usukani, nimeitazama vizuri, ni yangu, na kwa mara ya kwanza tangu alipoanguka mwezi wa pili naogopa. Naogopa sana.

Nyumbani ni kushoto; kulia ni barabara ya kwenda kwa kifungua mimba. Indiketa nimewasha ya kulia — indiketa kweli, si vaipa. Sijawahi kukata kulia kwenye barabara kubwa.

Mlinzi anakuja tena. Anasimamisha magari kwa ajili yetu, mkono juu. Ananiuliza kwa ishara: wapi?