Nilifagia Bahati ya Watu, na Sasa Wananiita Tena

Mwalimu Khatib, shikamoo, na kabla hujachoka kunisoma nakuomba uniokoe, maana gazeti lako hunifikia huku Guangzhou likiwa limefungia dagaa wa shangazi yangu nami hulisoma hivyo hivyo likinuka. Mimi hununua suruali soko la Shahe nikapeleka Unguja, na A-Lan anayeniuzia si muuzaji tena, ni ndugu, kwani nilipougua homa ya matumbo alinilaza kwake siku tisa akinilisha uji kwa kijiko, kwa hiyo mwaka jana aliponialika kijijini kwao, milimani kaskazini, kwa mwaka mpya wao wa Kichina, nilikwenda, na huko Mwalimu baridi haina adabu, maji ya ndoo yalifanya ngozi ya barafu na mama yake huosha mboga kwa maji hayo hayo, nami sikulelewa kukaa kitako mwenyeji akifanya kazi, basi asubuhi ya pili, nimekwisha sali na wote wamelala, nikaona ua umejaa vikaratasi vyekundu vya fataki za jana, nikafagia, nikavitia jikoni kuwashia moto, nikafua soksi za nyumba nzima mpaka vidole vikavimba, maji machafu nikayamwaga nje ya lango, nikakaa kungoja kusifiwa.

Mama akatoka, akautazama ua, akashika kizingiti. A-Lan akanivuta pembeni.

"Dada, siku ya mwaka mpya hatugusi ufagio wala hatumwagi maji. Umefagia bahati yetu ya mwaka mzima, ukaichemshia chai."

Alicheka yeye, mama hakucheka. Tangu hapo baba yake ameteleza kwenye ngazi, kaka yake ameshindwa mtihani, kuku wamegoma kutaga, na kila habari inayotoka kijijini naisikia kama nimeshika ufagio. Sasa wananialika tena. Nikaogopa, nikamwambia A-Lan dini yetu hairuhusu safari wakati wa baridi. Akasema, "Basi nitamwambia mama asimalizie koti lako." Kumbe mama ananishonea koti la pamba, na mikono yake ameikata ipite vidole. Sijui ananipenda au ananifunga. Niende, nisiende?

Hasna, Guangzhou

*

Marahaba, Hasna. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikicheka.

Hebu nikueleze. Kwenu Unguja ukishika ufagio usiku, bibi yako hakunyang'anyi akisema unafukuza riziki? Hukupata kumuuliza kwa nini, ulimwachia. Basi na wenzako wana siku yao. Riziki hutoka kwa Mungu, hilo twalijua sote. Baba yule aliangushwa na ngazi, na kijana yule, nakuapia, hakusoma. Lakini ukiwa nyumbani kwa mtu, ufagio ni wake na siku ni zake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema ajichukulie. Wewe siku ya pili ulikwisha lima shamba zima.

Hilo nakusamehe, ulilifanya kwa moyo mwema. Uongo sikusamehei. Dini gani hiyo inayokuruhusu kuvuka bahari kufuata suruali, ikakukataza kwenda kumjulia hali mzee aliyeanguka? Umeisingizia dini ili ukwepe aibu ya ufagio, na aliyedanganywa ni mtu aliyekulisha uji siku tisa.

Tena kuna jambo umeliandika kwa mkono wako mwenyewe na hukuliona. Mama anayekuhesabu mkosi hakushonei koti. Kwa baridi uliyoieleza, kila mchomo wa sindano una maumivu yake. Asubuhi ile hakuona ua peke yake, mwanangu. Aliviona na vidole vyako vilivyovimba kwa soksi za watoto wake. Mikono mirefu ni ya vidole hivyo. Na kama ni ya kukuzuia ufagio pia, ana haki.

Kesho nenda Shahe mapema, A-Lan akiwa bado anapanga suruali. Mwambie ulidanganya, na mwambie kwa nini. Muulize kwao siku ipi hushikwa nini, uandike. Mchukulie mama karafuu za kutia katika chai. Ukifika, kaa karibu na jiko la mkaa, mikono ndani ya koti, ule unachopewa na uvumilie uchungu wa kukaa bure. Siku ya tatu, mama akikupa ufagio kwa mkono wake, usiulize lolote. Fagia mpaka chini ya banda la kuku.