Msalaba kwenye kibao cha Coombe

Doornfontein, Jumanne, 12 Juni 2018

Mkono wangu umeniaibisha leo. Yule mama mzungu alikuja kuchukua kibao cha geti lake, kilichoandikwa COOMBE. Siku alipokiagiza alinieleza kwamba huko Uingereza wazee waliita hivyo kibonde kidogo cha ubavuni mwa mlima. Bibi yake alizaliwa humo.

Alikitazama, akauliza, "Nani amekufa?"

Juu ya jina nilikuwa nimechora msalaba mdogo. Eish! Kule kwetu Uvira kazi yangu ilikuwa kuandika misalaba ya makaburi, miaka kumi na miwili.

"Samahani, mama, ni mazoea," nikasema, nikachukua msasa.

Sikumwambia kwamba hata sisi tuna kibonde cha namna hiyo, nyuma ya nyumba yetu. Baba tulimzika humo haraka haraka, risasi zikilia, tukakimbia siku ileile. Mtaa mzima niliwaandikia misalaba. Yeye, hapana.

Nilisugua mpaka pakawa safi. Mama akafurahi, akaondoka nacho.

Ndio msalaba pekee niliowahi kuandikia kibonde, na nimeufuta mwenyewe.