Mwanamke Haoi

Jumatatu, 3 Machi
Neema kaoga, kanyonya, kalala. Maharage yako jikoni. Baba Neema karudi kutoka darasa la Kiingereza la kanisani. Na Mado, tena. Mado ni mshonaji, ana kibanda chake hapa Makindye, hana mume wala hatafuti. Darasani wanasoma riwaya ya zamani ya Uingereza. Mwanamke ana shamba, anaajiri wanaume, anawafukuza akitaka. Baba Neema anamsifu kama anamjua. "Huyo ndiye mwanamke!" Mimi nimesimama na chai mkononi. Nina wivu. Basi, nimeandika.

Jumatano, 5 Machi
Leo yeye na Mado walikuwa wanatafsiri hapa nyumbani. Baba Neema akasoma: mwanamke akamwoa karani wake. Nikacheka. Afadhali kuna kitu nakijua mimi! Nikasema, "Mwanamke haoi. Anaolewa."
Mado akajibu, "Kwa Kiingereza neno ni moja, dada, la mume na la mke. Hata mimi siku moja nitaoa."
Baba Neema alicheka mpaka akashika tumbo. Nikatoka kuanua nepi. Bado zilikuwa mbichi.

Ijumaa, 7 Machi
Baba Neema yuko kazini. Nimechukua kile kitabu. Niliishia darasa la saba, nasoma kwa kidole. Asubuhi nzima, ukurasa mmoja. Yule mwanamke hakungoja. Alimwendea karani, akamwuliza mwenyewe. Namwonea wivu mtu wa kwenye karatasi! Miaka mitatu nangoja Baba Neema aende kwa mjomba wangu kunichumbia. Mtoto tumeshapata. Nikimdokezea, anasema kesho. Mado angengoja?

Jumamosi, 8 Machi
Nimesema. Alikuwa anakula. "Baba Neema, nataka kukuoa."
Nilijua atacheka. Hakucheka. Akarudisha tonge kwenye sahani. "Namwogopa mjomba wako," akasema. Tangu lini? Tangu siku ya kwanza. Mwanaume mzima! Nikamwambia kesho tunaenda, nitaanza mimi kuongea. Akauliza avae shati lipi.

Jumapili, 9 Machi
Tumetoka kwa mjomba, Mbuya. Niliongea mimi, Baba Neema akaitikia. Mjomba akasema wazee wa Baba Neema waje mwezi ujao. Mado bado simpendi vizuri. Itapita.
Kwa mjomba, wanawake tunakaa mkekani. Leo alimwambia mke wake, "Mletee na huyu kiti." Nikakaa, Neema mapajani. Kiti chenyewe kigumu. Sikushuka.