Lispu Yangu Haijui Kukata

Mpendwa Shangazi Nyevu, shikamoo, naomba msaada, nina furaha na hasira pamoja. Mimi ni Kyalo wa Kitui, mbeba mizigo hapa Changamwe mwaka wa sita, shule niliachia darasa la saba na mgongo umechoka, lakini kwenye simu yangu nimejifunza kuandika programu kwa Lispu, lugha ndogo ya kompyuta yenye mabano kila mahali, na haki ya Mungu ina utamu! Programu yangu inapanga makontena ya yadi kwa kufuata mwenye nayo, na karani wetu, Bi Nafula, amesema Jumatatu ataijaribu, ikifanya kazi atanitoa kwenye magunia anikalishe mezani. Sasa namba ya kontena ni herufi nne za mwenye nalo, tarakimu sita, na moja ya mwisho, sisi wabebaji tukiisoma humwimbia Bi Nafula kwa pumzi tatu, kila sehemu pumzi yake, lakini mimi nimeigandisha iwe neno moja refu, nimeshaingiza mia mbili hivyo, na nikiiambia Lispu inipe herufi nne za mwanzo, haijui! Orodha inazichezea itakavyo, maandishi haiwezi kuyakata. Mwenzangu Luqman anacheka, “We Mabano, umefungua bucha bila kisu! Tafuta lugha ya watu.” Shangazi, niitupe Lispu nianze upya, na Jumatatu ndiyo hiyo?

Kyalo, Changamwe

Marahaba, mwanangu. Furaha yako imenifikia mpaka huku, usiitupe. Lakini kichwa chako kigumu! Lispu siijui, ila barua nimeisoma mara mbili na jibu umeliandika mwenyewe. Mnaimba kwa pumzi tatu. Namba inafika imeshakatwa. Nani alikutuma uigandishe? Unashona gunia, kisha unalia huna kisu cha kulifungulia! Lugha yako inapenda orodha, basi ipe orodha: pumzi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja mahali pake. Ukitaka mwenye kontena, chukua ya kwanza.

Zile mia mbili ziingize upya. Umebeba vizito zaidi. Lugha nyingine utajifunza ukishakaa kitini. Jumamosi mwite huyo huyo Luqman aimbe namba ishirini, wewe uingize, na kosa likitokea lirekebishe Jumapili baada ya kanisa. Jumatatu vaa shati safi, simu mpe Bi Nafula abonyeze mwenyewe. Wewe imba tu.