Insha ya Marhoun Kuhusu Palestina

Soud, natoka kwa Marhoun hapa Ibra, Oman, sasa hivi, mbavu zinaniuma kwa kucheka. Ile insha ya Palestina anayojisifia tangu shule ya jioni, mwaka 1988? Mkewe Wadha kamtobolea siri mbele ya wageni. Kumbe aliiandika mara mbili.

Ile ya kwanza aliisoma darasani kifua mbele: Wapalestina mwaka 1948 waliondoka kwa hiari, redio za Kiarabu ziliwaambia watoke. Kasoma kitabu kimoja, basi kwake yamekwisha. Marhoun huyu huyu, mtu wa Malindi ya Unguja, aliyekimbia Mapinduzi.

Mwalimu wao, Mpalestina, akamsikiliza mpaka mwisho. "Wanahistoria wengine wanasema hivyo, wengine wanasema walifukuzwa. Na wewe, yaa Marhoun, Unguja mwaka 1964 ulitoka kwa hiari?"

"Hiari gani? Nilipanda boti na kiatu kimoja."

"Iko siku mtu ataandika kuwa mliondoka wenyewe."

"Huyo hakuwepo. Mimi nilikuwepo."

"Na mama yangu alikuwepo," mwalimu akasema.

 Kiatu kimoja, Soud, kasema kwa mdomo wake mwenyewe. Akaikunja karatasi yake, akakaa.

Kesho yake akamwomba mwalimu amsimulie ya mama yake. Akaandika upya, kwa vitabu vya pande zote na maneno ya yule mama. Hiyo ndiyo iliyoshika nafasi ya kwanza darasani.

Leo Marhoun kanuna, eti kavunjiwa heshima. Wadha akammiminia kahawa. "Jisifu, mume wangu, nani kakukataza? Lakini anza na ile ya kwanza."