Mlingoti Unaotazama Handeni

Korogwe,
Jumapili, 5 Februari

Baba, shikamoo.

Leo nitakueleza yote, hata kosa langu.

Baada ya arobaini yako, Baba mdogo alikuja kutoka Kang'ata akataka kompyuta zote nne ziuzwe. Alisema duka la intaneti haliendeshwi na mjane na mtoto wa kidato cha tatu. Mama akamwomba angoje siku ya matokeo ya kidato cha nne, wateja wanapojaa. Duka likishindwa siku hiyo, auze.

Mimi nikajifanya fundi. Unajua modemu ya mlingoti wa kwanza inashika mnara wa hapa mjini. Ile ya mlingoti wa pili, ule wa mkonge tuliouleta kwa lori kutoka Mazinde, mimi nikishika ncha, ilikuwa ya kampuni nyingine. Ilitazama mnara wa njia ya Handeni, na ilikuwa goigoi. Nikatoa laini yake, nikaweka ya kampuni ile ile ya mlingoti wa kwanza, yenye nguvu, nikaigeuzia mjini. Wiki nzima kurasa zilifunguka haraka, hata Baba mdogo akasema, "Huyu kasoma."

Matokeo yalitoka jana Jumamosi. Foleni ilifika kwa fundi cherehani. Saa nne mnara wa mjini ukazimika, na laini zote mbili zikafa pamoja. Msichana aliyetoka Mashewa alfajiri akaniuliza, "Dada, nirudi tu?" Baba mdogo hakugomba. Alianza kuchomoa nyaya.

Ndipo nikakumbuka maneno yako: "Zamani tulikuwa na simu ya posta tu, ikinyamaza mji mzima bubu. Sasa makampuni tele, mbona tuegemee moja?"

Laini ya zamani ilikuwa bado ndani ya kopo lako la misumari. Nikapanda juu ya bati, nikairudisha, nikageuza mlingoti hadi kwenye ile alama nyekundu uliyopaka. Ikashika. Ilikuwa ya polepole, hivyo nikazima kompyuta tatu, tukafungua matokeo ya mtu mmoja mmoja. Yule wa Mashewa amefaulu. Hadi jioni, aliyekuwa akipanga foleni ni Baba mdogo mwenyewe.

Kompyuta haziuzwi. Mama ameniachia duka siku za Jumamosi, mradi nisishuke darasani.

Sasa kwaheri, Baba. Naahidi kampuni mbili, daima, hata moja ikiwa goigoi.

Ila kuna siku siisahau. Tulishinda dukani tukingoja matokeo yangu ya darasa la saba, laini ikiwa moja tu, nayo imekufa. Nililia. Wiki iliyofuata ukanipeleka Mazinde kuchukua mlingoti.

Nijibu hili tu, hata ndotoni: ule mlingoti wa pili uliusimamisha kwa ajili yangu?

Mwanao,
Mwanaidi