Kengele ya Gesi Iliyolia Bila Gesi

Mji wa Salama, Jumatano

Kengele ya gesi imelia mara tatu leo, na bado sikukubali ikatwe. Shemeji Musyoka alisimama kwenye mlango wa vani yetu ya kulala, koleo mkononi.

"Mama Mwende, hiyo ni kelele tu. Wacha nikate waya upumzike."

"Usiguse. Mimi na mtoto tutalala humu siku za soko kule Tseikuru. Na gesi ikivuja kweli?"

"Haya, lala na makelele yako," akacheka, akaenda.

Nilifunga mtungi, nikafungua milango yote, kisha nikaufungua mtungi kidogo na kupaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi na kila kiungo. Hakuna kiputo hata kimoja. Nikaanza kuogopa kwamba marehemu mume wangu Kioko aliifunga kengele vibaya. Namkumbuka amepiga magoti pale sakafuni, penseli sikioni, akisema gesi huzama, kwa hivyo kengele hukaa chini.

Nilipoinama pale pale ndipo nikanusa hamira. Beseni la unga wa mandazi ya kuuza nilikuwa nimelisukuma chini ya kitanda liumuke, nikalifunika kwa sweta ya Kioko, karibu kabisa na kengele.

Nikalitoa nje. Kimya. Nikalirudisha, na baada ya saa moja ikalia tena. Kumbe ni mvuke wa kileo wa unga unaochacha!

Kioko hakukosea. Nililia kidogo, si sana.

Kesho tunaondoka. Unga nitaukanda tukifika, uumukie nje. Usiku nitafunga mtungi, Mwende alale. Labda na mimi nitalala.